Mti Namba Arobaini na Moja

2 Septemba

Dada mpendwa,

Shikamoo. Kwa heshima zote, na kwa masikitiko kiasi, napenda kutangaza kwamba leo asubuhi, saa mbili na dakika nne, ua la mpera limeanguka ndani ya kikombe changu cha chai. Shughuli zote za bustani zilisimama. Mama Fagio, anayefagia njia za huku chini, aliomba tuliache lielee kwanza tuone litaelekea wapi. Lilielekea mdomoni kwangu. Nimeandika daftarini: mpera namba 12, umeanza kupukutisha maua, siku tisa mapema kuliko mwaka jana.

U hali gani? Mgongo je? Sisi huku wazima, ila goti langu la kushoto linatabiri mvua kila siku na mvua haiji, sijui nimuamini nani. Wifi yako anakusalimu. Amesema nikuandikie kwamba nimenenepa, nami nimeandika.

Hii ni barua ya thelathini na sita tangu uondoke: nne kila mwaka, miaka tisa. Hujajibu hata moja. Lakini pia hujarudisha hata moja, na hilo nimelitia maanani.

Habari za bustani. Mjakaranda wa lango kuu umevua majani yote, umesimama kama mtu aliyesahau taulo. Mijohoro imejaa njano. Mlangilangi unanukia mpaka ofisini kwa Meneja, naye amelalamika kwamba anashindwa kukasirika vizuri.

Namba 41, mti wa baba: hakuna ua. Nilisimama kwenye jiwe jeupe saa mbili, kama alivyotufundisha. Mahali pale pale, saa ile ile, maana ukihamahama, unachokiona leo huwezi kukilinganisha na cha jana. Jipya ni kwamba huko juu kileleni umeanza kutoa majani mapana. Nadhani ni uzee. Mimi nami natoa tumbo.

Nautaja kwa sababu tu umo daftarini. Si kwa sababu ya yale uliyoyasema pale langoni siku ya kuondoka, kwamba tutakuona siku mti huo utakapochanua.

Mdogo wako

11 Oktoba

Dada!

Shikamoo, na shikamoo tena. Habari za afya nitauliza mwishoni.

Matumba! Namba 41 umetoa matumba! Kumi na saba, nimeyahesabu mara tatu nikiwa nimesimama kwenye jiwe na mara moja nikiwa nimelikalia. Yako juu kabisa, marefu kama vidole, yameelekea jua. Miaka thelathini na minne tangu baba aupande, dada, tangu yule muuza miche ampe neno lake kwamba utachanua maua ambayo hajawahi kuyaona, na baba akafa hajayaona kweli!

Mama Fagio akanikuta pale. "Mzee, unalia au ni vumbi?"

"Ni vumbi."

"Mbona mimi bado sijafagia?"

Nilikimbia ofisini. Goti lilikuja nyuma yangu kwa muda wake. Nikamwambia Meneja, "Arobaini na moja!" Akaniambia, "Hongera, nilidhani una miaka mingi zaidi." Alipoelewa, alitoka bila viatu, maana huvivua chini ya meza, na akasimama kwenye majani mabichi na soksi zake akisema, "Wapi? Wapi? Sioni." Nikamsogeza kwenye jiwe, nikamshika kichwa, nikakielekeza. Akaona. Sasa anasema aliuamini mti huo tangu mwanzo, ingawa mwezi wa tano aliniuliza kama kuni zake zinafaa.

Yakifunguka, nakuandikia. Chumba chako kipo. Wifi yako ameshatoa mahindi yaliyokuwemo.

Hujambo lakini?

Mdogo wako

23 Oktoba

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata. Mimi ni mzima.

Kufikia sasa yatakuwa yamefunguka: maua ya rangi gani? Petali ngapi? Yananukia au hayanukii, na kama yananukia, saa ngapi? Yameshika wapi kwenye tawi? Umeandika kuhusu soksi za Meneja aya nzima, na kuhusu matumba hujaandika hata rangi. Miaka kumi na miwili niliyoliandika hilo daftari, baba akitazama na kunitajia, mimi nikiandika, sikuwahi kuacha nafasi ya rangi wazi. Ningefokewa mpaka jioni.

Msalimu wifi.

Dada yako

2 Novemba

Dada mpendwa sana,

Shikamoo. Ile ya kwanza hukuitikia, nimeona, wala ya pili, na thelathini na tano za nyuma. Haidhuru. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nimekaa, na nikiwa juu ya ngazi. Wifi yako ameificha sasa ili nile.

Majibu. Nyeupe, dada. Nyeupe kama shuka mpya, koo lake njano kidogo. Petali tano, zimeungana chini mithili ya tarumbeta. Ukubwa: limejaa kiganja changu, na kiganja changu unakijua. Yananukia asubuhi, mpaka kama saa nne, halafu yananyamaza. Yaliyofunguka mpaka leo ni ishirini na sita, maana matumba yameongezeka. Yameshika wapi kwenye tawi, sijui. Kilele ni kizito, na ngazi yangu inaishia mahali ambapo busara nayo inaishia.

Watu wanakuja! Jana walikuja maharusi jozi mbili, kila moja na mpiga picha wake, wakagombania nafasi. Bibi harusi mmoja akamwambia mwenzake, "Dada, mti ni mmoja, na mimi nilitoka nyumbani alfajiri." Wakaishia kupiga picha pamoja, na bwana harusi mmoja hajui mpaka sasa kwa nini yuko kwenye picha ya watu. Meneja amepigwa picha mbele ya mti mara sita. Hakuna hata moja inayoonyesha mti. Ameagiza kibao: MTI ULIOSUBIRIWA MIAKA THELATHINI NA MINNE. Fundi ameuliza kama anaweza kufupisha.

Kila anayefika namsimamisha kwenye jiwe jeupe. Kuna foleni ya jiwe. Baba angefurahi, halafu angewafukuza wote.

Nimekuwekea ua moja humu. Lilianguka jana na upepo, nikalikandamiza kati ya kurasa za daftari, mwaka ule ulioandika kwa wino wa kijani. Kwa hiyo lina kijani kidogo pembeni, usidhani ni lake.

Nimemaliza. Ulisema siku mti utakapochanua. Umechanua.

Mdogo wako

12 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba.

Ua limefika, na halikuvunjika. Nimeomba likizo leo hii, na msimamizi wa chumba chetu cha cherehani hapa hospitalini, ambaye hajawahi kuniona nikiomba hata ruhusa ya kwenda kunywa maji, alidhani nimefiwa. Nikamwambia hapana, mti umechanua. Akaniangalia, akasema nichukue na wiki ya pili.

Nitafika Jumamosi, tarehe 5 Desemba, basi la saa tisa. Nina sanduku moja na mashuka sita niliyomshonea wifi, maana najua ya kwenu ni yale yale.

Jambo moja. Mpaka nifike, wewe endelea kusimama kwenye jiwe lako. Usiende kuuzungukazunguka huo mti.

Mgongo hauko vibaya.

Dada yako

20 Novemba

Dada,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Hapa tu wazima, na chumba chako kimepakwa rangi. Wifi yako amechagua bluu, ukuta mmoja umekuwa zambarau, usiulize.

Nilikuwa nimeanza barua ya kukupokea, ya kurasa nne, nimeichana. Nakuandikia hii.

Jumanne kibao kilikuja, na Meneja akataka kisimikwe upande wa nyuma wa mti, kule kwenye mwanga mzuri wa picha. Nikabeba nguzo na koleo, nikazunguka. Umenikataza, lakini barua yako ilifika Jumatano.

Mama Fagio alikuwa ameshika nguzo. Akasema, "Mzee, hii kamba ya kijani umeifunga wewe?"

Haikuwa kamba. Ni shina la mmea unaotambaa, nene kama kifundo cha mkono wangu. Linatoka kwenye lile biwi la zamani la majani, limejisokota kwenye mti wa baba toka chini mpaka kileleni. Majani mapana ni yake. Maua ni yake. Yote, dada, hata lile nililokutumia.

Miaka ishirini na miwili nimekuwa hapa, na kila asubuhi nimesimama upande ule ule. Mchana napita huku nyuma na toroli, lakini macho yangu yanakuwa kwenye toroli. Mmea huo lazima umepanda kwa miaka, nyuma ya mgongo wangu.

Mama Fagio aliuliza, "Tumwambie Meneja?" Nikamwambia tungoje kwanza. Akasema, "Basi mimi sijaona kitu, na nimeona vizuri sana."

Ningeweza kunyamaza. Ungeshafika, ungeshakunywa chai, ningekuambia Jumapili, au mwakani. Nimelifikiria hilo siku tatu, na wifi yako anasema nilikuwa nalifikiria kwa sauti. Lakini ulisema mti ukichanua, na mti haujachanua. Kama umeshafunga sanduku, lifungue. Sitakulaumu.

Na la pili, maana karatasi bado ipo. Siku baba aliponikabidhi daftari pale kitandani, wewe ulikuwa umesimama upande wa pili na kalamu mkononi. Kila ukurasa ulikuwa mwandiko wako. Nililipokea, nikasema asante baba, na kwako sikugeuka, miaka kumi na mitatu, mpaka ukaondoka. Nilijiambia kazi ya bustani imekuja kwangu, basi na daftari ni la kazi. Hivyo ndivyo lilivyoonekana kutoka niliposimama. Daftari ni lako. Ningelituma, ila naogopa posta.

Mdogo wako

28 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba, na marahaba kwa zile thelathini na tisa.

Sanduku sifungui, zipu yake ni mbovu, nikiifungua haifungi tena.

Lile ua nililitambua kabla halijatoka lote kwenye bahasha. Mmea wake umetambaa kwenye uzio mzima wa hospitali yetu, na tunalaumiana nao kila siku kwa sababu unadondoshea chavua mashuka yaliyoanikwa. Ndiyo maana nikakuambia usizunguke. Nilijua ukiona utaniandikia. Wewe ni mjanja kwa kila kitu ila kwa kitu kimoja, kuficha jambo, na wifi anakijua pia.

Dirishani kwangu hapa kazini upo mti kama wa baba, mkubwa kuliko wake, majani yale yale membamba. Mwaka wa pili mtunza bustani wa hapa alinieleza habari zake. Nitaziandika chini kabisa, maana nataka barua hii uisome kwanza. Siku hiyo nilikaa kwenye cherehani nikashona foronya tatu bila kuacha tundu la kuingiza mto. Nilikuwa nimeshaapa langoni mbele ya watu wazima, na watoto wao, na yule muuza gazeti. Ningerudi vipi? Miaka saba nimekuwa nikisoma barua zako, nikifika kwenye namba 41 nafunga macho kidogo.

Halafu unaniletea bahasha yenye ua. Maharusi wamelipiga picha. Kibao kimeandikwa. Meneja ametoka na soksi. Mimi ni nani nibishane na umati wote huo?

Usimwambie Meneja mpaka nifike, nataka kumwona uso.

Daftari niwekee mezani, na kalamu ya kijani kama bado zinauzwa. Jumapili saa mbili wewe utasimama kwenye jiwe, mimi nitasimama nyuma, na tutaandika wote wawili. Ukuta wa zambarau uacheni hivyo hivyo.

Basi ni la saa tisa. Njoo na toroli, sanduku ni zito.

Dada yako

Tanbihi: Mti namba 41 ni wa jamii ya misonobari. Jamii hiyo haitoi maua.