Kaye ya Watu Wenye Chuma Muguuni

Wilondja mwanangu,

Nimekaa nje ya sale ya wagonjwa wanawake, hapa lopitali ulipofanya kazi. Dada yako Riziki yuko ndani na wamenitoa wafungue bandeji. Kuandika sijui sana, shule niliacha mwaka wa tatu, lakini kukaa bure siwezi. Afadhali nishike biki.

Tangu kipindupindu kikuchukue nilikuwa nakuambia mazuri tu. Leo hapana. Riziki alianguka kwenye behewa kule Nyunzu, akipakia mihogo yake, na mufupa wa paja ukavunjika. Walimurudisha na treni juu ya magunia. Nilisikia kilio chake kabla ya kumuona.

Munganga mukubwa akafungua kaye yako, daftari ile uliyotembea nayo kila mutaa, kartie kwa kartie, ukiuliza watu waliotiwa chuma ndani ya mufupa kama wanaendelea namna gani. Siku ya matanga yako alisimama mbele ya watu akasema kaye hii itafika Lubumbashi kwa wakubwa, na jina lako juu yake. Neno lile njo lilinifanya nikubali kula. Sasa akanionyesha kurasa. Akasema, mama, angalia, mutoto wako aliandika bien, yaani vizuri, karibu kwa wote, na Riziki naye tutamutia chuma.

Bien, bien, bien. Nikafika kwenye jina la Mama Sifa, jirani yetu. Bien.

Mwanangu, Mama Sifa nafua naye. Hachuchumai. Mikate anakaanga akiwa juu ya kiti, muguu ameunyoosha kama si wake. Nikaenda kwake mbio, nikamuuliza kwa nini alidanganya mutoto wangu. Akaniangalia kama mimi njo mwenye kosa.

"Mutoto wa watu amekuja na jua lote, ananiuliza habari ya muguu. Nitamuambia mbaya? Nikamuambia nzuri. Nilikuwa bado na ya pili ya kusema, ile ya kweli, yeye ameshaandika, anaaga."

Nilikasirika, kisha nikakukumbuka unakula umesimama, viatu umevaa tayari. Wewe na haraka yako.

Nikazunguka kwa wengine wa kaye. Sikuuliza muntu habari. Niliuliza nani anateka maji kwao, na chooni wanajishika wapi. Papa mumoja wa reli akacheka, akasema Mama Wilondja amekuwa polisi wa vyoo. Halafu akanionyesha kamba aliyoifunga kwenye muti wa choo ili apate kuinuka. Wako waliopona kabisa, siwezi kukunyima iyo. Kuna mama anapanda njia ya kwenda Bendera na beseni kichwani. Lakini wengine, muguu chini unawaka kama kaa la moto tangu siku ya kupasuliwa, na hakuna aliyesema.

Hapo nilikumbuka ile Jumapili uliponifundisha mishipa ya habari. Uliweka vidole vya mikono miwili karibu karibu, ukasema, "Mama, hapa havigusani. Kuna nafasi ndogo sana, na habari ya maumivu inavuka." Ukasema ikivuka mara nyingi inazoea kuvuka, hata kidonda kikifunga, yenyewe inaendelea kupita. Mimi nilicheka, nikasema unasoma mpaka unanitisha. Kwa Mama Sifa sikucheka. Imeshazoea kwake.

Siku mbili nilinyamaza, mwanangu. Nikisema, kaye yako itakuwa ya uongo mbele ya wakubwa. Nikinyamaza, Riziki ataingia kwenye chumba kile kwa neno ambalo si kweli. Sikulala, sikuomba. Siku ya tatu nilienda biro, ofisi ya munganga, nikamuambia vyote nikiwa nimesimama.

Akauliza, "Mama, unajua unaharibu kazi ya mutoto wako?"

Nikamujibu, "Najua. Mimi njo nilimuzaa."

Kisha akatuma waitwe Mama Sifa, yule papa wa reli, na wengine, akawashika miguu mumoja mumoja. Akaniambia chuma kinashika mufupa vizuri, hapo wewe hukukosea. Lakini mushipa unaweza kubanwa, na ukibanwa inafaa ijulikane siku za kwanza, wakati bado unasaidika. Hakuna aliyewauliza siku za kwanza.

Jana Riziki ametiwa chuma. Asubuhi hii munganga akapita na wenzake, akamuuliza anajisikia namna gani. Muzuri, akasema. Ametabasamu hata. Nilingoja watoke, nikainama kwenye sikio lake, nikamuambia, mimi si munganga, mimi sitachoka na wewe, weka kidole pale panapouma. Akaanza kulia. Akasema chini ya goti, upande wa nje, panabanwa tangu usiku, na muguu unawaka, na kidole kikubwa akikiambia inuka hakiinuki. Nilikimbia nikiita, kitambaa kimenianguka, sikukiokota.

Sasa wanafungua. Sisikii kitu. Ngoja, wananiita.

Nimerudi. Bandeji ilikuwa imekaza sana pale pale alipoonyesha. Moto haujaisha, anasema, ila umepungua. Na kidole kikubwa kimeinuka, kidogo, kama ukucha tu. Munganga amesema ni mwanzo muzuri, na kwamba kungoja mpaka kesho ingekuwa shida.

Kaye iko kwenye magoti yangu. Bien zako sikuzifuta, ni mukono wako. Chini yake nimeandika Riziki, na mbele ya jina nimeandika pale panapouma. Munganga amesema itaenda Lubumbashi hivi hivi, na jina lako juu, lakini watu wote waulizwe tena kwanza.

Wako bado wale wenye chuma wa Kabimba, wa kiwanda cha simenti. Muguu wa dada yako ukikubali niondoke, nitapanda boti niende nikae nao, kila muntu siku yake, mpaka aseme ya pili. Pumzika na haraka yako, mwanangu. Kwaheri.

Mama yako