Kipande cha Kondo

Mpendwa mama,

Ukoo wa mume wangu umeitisha kikao juu yako. Ndiyo, juu yako wewe, uliyelala kaburini tangu mavuno. Wanasema kilichokuua ni kile kipande cha kondo la nyuma ulichoruhusu kikatwe siku ile hospitalini Singida. Nimecheka kwa hasira mpaka machozi yakanitoka.

Unakumbuka? Nilikuwa nimeshazika watoto wawili, wote walizaliwa wadogo mno. Wa tatu alikata roho mikononi mwako jua likiwa bado juu. Huko Unyambwa, kwa mume wangu, walishasema nikimpoteza na huyu narudishwa kwetu, eti nakula watoto. Mama mkwe alikuwa mlangoni na chungu chake, anasubiri kondo akalizike nyuma ya nyumba, likiwa zima, kama desturi. Yule daktari Mwingereza akasema damu ya kidole changu haina malaria, lakini anaomba kipande cha kondo kikapimwe maabara.

"Kondo likikatwa, kizazi kinafungwa!" mama mkwe akapiga kelele.

Ukamgeukia, bado umempakata marehemu. "Makondo yale mawili ya kwanza tuliyazika mazima, mkwe wangu. Yalifungua nini?" Kisha ukasema, "Kata, daktari."

Sijawahi kukupenda kama nilivyokupenda pale, mama.

Majibu yakarudi na lori la serikali. Malaria ilikuwa imejaa kwenye kondo, imejificha humo ikimnyima mtoto chakula, huku kidole changu kikitudanganya. Uchawi gani? Mbu! Kwa majibu hayo sikurudishwa kwetu. Mimba ya nne nikanywa kwinini, nawe umenisimamia: "Meza, usinitemee hapa." Akazaliwa somo wako, mwenye jina lako, mnono, analia mpaka majirani wakalalamika.

Sasa jana kwenye kikao walinitaka nitamke mbele ya wazee kwamba ulikosea, na mbuzi wa kusafisha kosa nitoe. Mbuzi sitoi. Nilimwita somo wako kutoka uani alikokuwa anacheza, nikamsimamisha katikati yao.

"Kosa la mama yangu ni hili hapa," nikasema.

Naye, kwa adabu uliyomfundisha mwenyewe, akapita akiwaamkia shikamoo mmoja mmoja. Wakaitikia marahaba wote, hata mama mkwe.

Pumzika, mama. Huku nimesimama mimi.

Binti yako, asiyeomba radhi