Salamu Zilizomzuia Binti Yako

Nyumba ya wageni,
Nyuma ya kanisa,
Jumatatu, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Marahaba! Najua shikamoo yako iko njiani, naipokea kabisa isije ikapotea. Hujambo? Mgongo unasemaje? Unakula, au tangu mama watoto atutoke ni chai na mkate, jua litoke jua lizame? Sisi wazima. Shemeji yako ana mafua kidogo. Mimi sina ugonjwa ila uzee, na huo hauna sindano.

Safari inakwenda. Shemeji yako anahubiri, mimi nabeba mabegi na kuombea chakula. Kazi hiyo ya pili naiweza sana. Kanisa la kwanza liko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kila shemeji yako aliposema, "Tunyamaze mbele za Bwana," huko chini wanakata bati.

Tukapita pia kwa Mzee Haleluya, tuliyefanya naye kazi ya Injili ujanani. Masikio yamechoka lakini mdomo bado. Alituombea mpaka chai ikapoa, ikabidi tuombe tena ili ipashwe moto.

Sasa lile uliloniagiza nikuulizie, la uhamisho. Ni kweli katibu wa misheni alituambia kabla hatujaondoka kwamba mkweo mchungaji, mume wa binti yako, anahamishiwa kanisa la mtaani kwenu. Nilifurahi kama wewe. Nilishakuona mezani, binti yako anakupakulia chakula cha moto.

Tulifika kwao Ijumaa. Binti yako hajambo, na mwili umeongezeka. Ameweka cherehani kwenye baraza ya kanisa, anawafundisha akina mama kushona sare za shule.

Jumapili nikaitwa mbele, maana unajua kwetu mgeni hakai kanisani bila kutoa salamu. Nikasalimu vizuri tu. Ningekaa hapo, ningekuwa mtu wa maana. Lakini nikaongeza, "Na asanteni kwa kumtunza mchungaji wenu mpaka sasa anapowaaga."

Kumbe hawajui! Hata mchungaji mwenyewe hajui. Katibu alikuwa bado hajamwambia. Kanisa zima likageuka kumtazama mchungaji. Mkweo akanitazama kama mtu aliyemwagiwa maji usingizini. Shemeji yako akanivuta koti: "Kaa chini, baba. Salamu za mwaka huu zimetosha."

Mwenyekiti wa akina mama, mwenye sauti ya tarumbeta, akasimama. "Anahamishwa kwenda wapi? Na kazi aliyotuanzishia mkewe tuimalize na nani?"

"Mama, mimi mgeni tu," nikasema.

"Mgeni gani anayeondoka na watu wa nyumbani!"

Baada ya ibada binti yako akaniita jikoni. Nikajua leo ninachemshwa mimi. Alikuwa anamenya viazi.

"Baba mkubwa, wakituhamisha nitakwenda. Ila wakiniuliza, nitasema hapana. Hawa wanawake ndio kwanza wameshika mkasi."

"Na baba yako je?"

Kisu kikasimama. "Hapo ndipo panaponiuma," akasema, akafuta macho kwa mkono wenye maganda.

Leo asubuhi wazee wa kanisa wamekwenda na mkweo kwa katibu. Wameulizwa, wamejibu. Katibu amekubali wabaki, kisha amenikasirikia mimi.

Kwa hiyo sikufichi, ndugu yangu: hawaji. Najua ulishapaka rangi kile chumba. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi vidole vyangu vyote ni vizima. Nitukane, ni haki yako. Lakini nimemwona mwanao barazani, kazungukwa na vitambaa, anacheka mpaka anashika ubavu. Tangu tumzike mama yake sikuwahi kumwona hivyo.

Mchana huu, nyumbani kwao, wametoa ngoma za kwaya katika chumba cha pili, wakaingiza kitanda. Nikauliza, "Cha nani?" Binti yako akasema, "Cha baba. Mwandikie aje, akae mpaka atuchoke." Hilo si tangazo langu, ni lao.

Msalimie dada yetu, mwambie nimemmisi yeye na ukali wake. Msalimie pia fundi viatu jirani yako. Shemeji yako anakusalimu sana, na anasema ananichunga.

Mungu akutangulie mlangoni, na akupe miguu ya safari. Funga mzigo.

Wako akupendaye, hata ukinuna,
Kaka yako.