Makaratasi Yaliyotoka Katikati ya Blanketi

Dada Jerono,

Natumaini mvua imefika Yamumbi na mahindi yameota vizuri. Mimi nasafisha vyumba vya watalii melini. Mgongo unauma, lakini kazi ninayo, na ni kwa sababu yako.

Unakumbuka nilivyoficha pasipoti na cheti cha daktari katikati ya blanketi, ndani ya begi kubwa? Ulivitoa pale stejini tukingoja basi, watu wakitazama, ukavitia ndani ya kamkoba kako. "Wewe Kiprop, begi likipotea utawaambia wewe ni nani?" Nilikasirika sana.

Basi bandarini walichukua mabegi makubwa yote kabla hatujapanda. Langu nililiona siku ya tatu. Siku ile ya kupanda, mlangoni mwa meli, msimamizi akaitisha makaratasi. Mwanamume aliyekuwa mbele yangu alirudishwa nchi kavu, kwa sababu makaratasi yake yalikuwa ndani ya begi lililochukuliwa. Yangu nilikuwa nayo begani, kwa kale kamkoba kako.

Yule Mama wa Elgon View unayemfulia, kama bado anapanga kusafiri kwa meli, mwambie dawa na nguo ya kubadilisha akae nazo mkononi. Achague chumba cha chini, katikati ya meli. Kule mbele wageni wanarushwa kama wamepanda trela ya trekta kule Sugoi, na matapishi yao ni mimi napanguza. Usimwambie mimi ndiye nimesema. Sema ni wewe, kwa sababu ni wewe.

Blanketi bado linanukia moshi wa jikoni kwako. Nalala vizuri. Asante, dada. Mungu akutunze.

Ndugu yako,
Kiprop