Kiangazi cha Baba Uwanjani

Jumatano, 4 Juni

Mazoezi ya besiboli baada ya kazi. Foleni ya magari kuanzia Golden Valley. Bega la kulia bado linauma. Nimedaka vizuri, nimepiga vibaya. Kocha Dan hakusema kitu. Asiposema kitu ndipo naogopa.

Nilimpitia Baba nyumbani, nikaenda naye. Tangu afike huku ughaibuni kutoka Moshi anashinda ndani. Mke wangu Neema yuko zamu hospitalini, mtoto wetu Upendo anamwelewa babu yake lakini anamjibu kwa Kiingereza. Baba amekaa kwenye benchi na koti lake la kanisani. Wakati wa kurudi akauliza mbona muda mwingi tunasimama tu. Nikamweleza: mmoja anarusha, mmoja anapiga kwa gongo, sisi wengine tunasubiri mpira uje.

"Na usipokuja?"

Nikasema tunaendelea kusubiri. Akacheka peke yake hadi tukaingia Apple Valley.

Jumapili, 8 Juni

Mechi ya nyumbani. Tumeshinda. Katikati ya mchezo nikatupa jicho kwenye benchi, Baba hayupo. Nikacheza nusu akili. Mji wenyewe mdogo, lakini Baba haujui.

Nilimkuta kwenye kibanda cha chakula, amefunga aproni, anageuza soseji. Pembeni yake Marlene, mama mwenye kibanda. Mjane, mumewe alichezea timu hii zamani. Walikuwa wanaimba. Wimbo mmoja wa kanisani, Marlene kwa Kiingereza, Baba kwa Kiswahili, Walutheri wote wawili. Baba alishika besi. Watu kwenye foleni walikuwa wamenyamaza wakisikiliza.

Nilisimama pale na glavu mkononi.

Jumatatu, 9 Juni

Neema amecheka mpaka machozi. Anasema nimwache mzee wa watu afurahi. Mimi sijamkataza kufurahi. Sijui hata ninachokasirikia.

Jumapili, 22 Juni

Benchi. Nafasi yangu kule nyuma kushoto amepewa kijana aliyemaliza chuo juzi. Ana mbio. Dan ameniambia nipumzishe bega. Bega si sababu, tunajua wote.

Kutoka pale nilisikia kicheko cha Baba kibandani. Sikumbuki kumsikia akicheka hivyo nyumbani. Mama alikuwa akicheka kwa niaba ya wote. Sasa Mama hayupo, na yeye ndiye anacheka. Nimeshindwa kulielewa hilo.

Jumatano, 25 Juni

Nimempeleka kwa Marlene kupanda mchicha. Ameombwa, anasema. Mbegu alikuja nazo mfukoni, sikuuliza alizipitishaje uwanja wa ndege.

Nikasimama kujaza mafuta. Mzee mmoja mwenye kofia ya timu yetu akaniangalia, akauliza, "Wewe ndiye mtoto wa Eli?"

Huu ni mwaka wangu wa sita kuchezea mji huu. Hajawahi kunisalimia, lakini Baba tayari anamjua kwa jina. Nikasema ndiyo, mimi ni mtoto wa Eli.

Jumapili, 29 Juni

Dada yangu Anna amepiga kutoka Moshi. Upendo ametuma picha kwenye kundi la familia: babu na Marlene, wote na aproni, wanacheka. Anna analia. Mama hajamaliza hata miaka miwili kaburini. "Umemwita Baba huko aje kutafutiwa mke?" Nikamwambia ni soseji tu. Akasema mimi ndiye mkubwa, niongee naye.

Niongee nini? Mimi bado namwamkia shikamoo nikiwa nimeinamisha kichwa.

Jumamosi, 5 Julai

Nimeongea naye. Garini, kwa sababu garini hatutazamani.

Nilianza vibaya. Nikasema, "Baba, yule mama..."

"Anaitwa Marlene."

Mahindi pande zote za barabara. Nikajikaza. "Watu wanauliza. Anna anauliza. Kama una nia naye."

Alifungua dirisha kidogo, akalifunga.

"Nilimwomba twende wote Moshi," akasema. "Amekataa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu ila hilo. Nikamwuliza kwa nini amekataa. Sauti ilinitoka kwa ukali, kama vile yeye ndiye mtoto na kuna mtu kamwonea.

"Mumewe amezikwa nyuma ya lile kanisa karibu na uwanja. Anakwenda pale kila wiki. Nami nikamwambia, siwezi kubaki huku, mama yako yuko kule. Tukaelewana."

Kisha akasema, "Dada yako usimwambie."

Nafuu niliyoitaka imekuja. Imekaa kifuani dakika chache tu, halafu nikaanza kumchukia Marlene kwa kumkataa baba yangu. Saa moja kabla nilikuwa namchukia kwa kumtaka. Nina akili kweli?

Jumapili, 13 Julai

Nilidhani hatakwenda tena kibandani. Kavaa shati safi, kaenda. Wamefanya kazi bega kwa bega mchana kutwa. Yeye anageuza, Marlene anapanga mikate. Hakuna aliyenuna. Kama hakuna kilichoombwa wala kukataliwa. Watu wazima hawa wanaumia wapi?

Dan aliniingiza mwishoni. Mpira ukapigwa juu, wangu kabisa. Nikautazama, nikatazama kibanda. Ukaanguka nyuma yangu. Tumefungwa kwa mpira huo.

Dan akaniuliza nina nini. Nikasema jua. Mawingu yalikuwa yametanda.

Jumanne, 22 Julai

Baba ameondoka. Marlene alikuja uwanja wa ndege, mwenyewe kaendesha. Amevaa gauni, mara ya kwanza kumwona bila aproni. Wakapeana mikono. Mikono miwili kila mmoja, muda mrefu, kama watu wa kwetu. Hakuna aliyelia ila Upendo. Akamwambia, "Babu, safari njema." Kwa Kiswahili. Baba alimshika kichwa.

Nikamsindikiza Marlene hadi kwenye gari lake. Nilikuwa na maneno, sikumbuki yapi. Akasema, "Baba yako mtu mzuri." Nikasema asante. Akaondoka.

Jumapili, 27 Julai

Mechi ya ugenini. Nimekaa benchi, nikaingia kidogo, nimedaka mmoja.

Anna alipiga asubuhi. Anasema Baba amerudi na afya, anaimba nyumba nzima, na kwamba tulikuwa na wasiwasi wa bure. Nikasema ndiyo, wa bure.

Usiku nikapiga mwenyewe. Kule kumekucha, yuko uani. Akauliza matokeo, nikamwambia tumefungwa. Akauliza bega. Akauliza kama Neema amepata likizo. Mengine hakuuliza. Nami nikajisikia nikisema, "Marlene anakusalimia."

Marlene sijamwona tangu uwanja wa ndege. Hajanituma kitu.

Nikasikia jogoo, nikasikia mtu anafagia.

"Kasema hivyo?"

"Ndiyo, Baba."

"Haya."

Kisha akasema manyunyu yameanza na ameanika mahindi, aende akayaanue. Hakukata simu lakini. Aliiweka mahali, nikawa nasikia punje zinamiminwa guniani, na yeye akihema. Nikakaa nikisikiliza.