Mbuzi wa Udongo na Mtaalamu Aliyekimbia

Bagamoyo,
9 Rajabu 1301

Mpendwa mdogo wangu Rehani, huko Unyanyembe,

Nakusalimu salamu nyingi. Hujambo mwili, na malengelenge ya safari yamepona? Sisi tu wazima, ila goti langu, lililoanza kulalamika kabla hujaondoka na halijapata kadhi wa kulisikiliza.

Fakhruddin bado anatusomea barazani pa duka lake. Juzi katufasiria kitabu cha Kizungu alicholetewa kutoka Bombei. Mtaalamu mmoja aliunga viungo vya maiti, akavitia uhai. Nilisema astaghafiru, kisha nikasogea karibu nisikie vizuri. Kiumbe alipofumbua macho, bwana mtaalamu akaona sura ni mbaya, akatoka mbio. Hata jina hakumpa. Kiumbe akazurura, kila mlango akifukuzwa kwa mawe, mwisho akaua watu.

Jirani yetu Haji akasema, "Zimwi ni zimwi tu."

Mke wangu Mwanabaraka, aliyekuja kununua chumvi, akamjibu, "Shemeji, zimwi hapo ni lipi, aliyefanywa au aliyekimbia?"

Haji akakumbuka ana mbuzi wa kufunga.

Na mbuzi huyo kanikumbusha wako. Masika ile, mama akiwa hai, ulifinyanga mbuzi wa udongo nyuma ya jiko. Akatoka na miguu mitatu na kichwa cha panya. Tulikucheka mpaka mbavu zikauma. Wewe ukamkatia majani kila asubuhi, na mvua iliposhuka ukamfunika kwa kanzu yako, ukarudi uchi. Mama alipokushika sikio ukamwambia, "Ni wangu, nimemfanya mimi."

Mwanao Bwanaheri ameanza kusimama. Tangu meno yake ya juu yalipotangulia kuota, nawe ukafuata msafara kesho yake, wazee wetu wa Fukayosi wanamwita kigego. Wanataka apewe watu wa mbali, asituletee nuksi. Mkeo Ashatu halali ila amemfunga kiunoni kwa kanga. Nimewaambia mtoto ana baba, tungoje neno lake. Wamekubali kungoja mpaka mfunguo tatu, mwezi wa hija, si zaidi.

Neno lako litawanyamazisha. Ukilileta mwenyewe ni bora. Yule mbuzi, Rehani, alikuwa na sura mbaya kuliko mwanao.

Ashatu anakuamkia. Mwanabaraka anakusalimu, na Haji pia, kwa sauti ndogo. Mola akufungulie njia ya kurudi.

Bwanaheri hajui kusalimu bado. Ameitafuna kalamu hii, kwa meno ya juu na ya chini.

Wako akupendaye,
kaka yako Husseni