Asali Niliyoitema Goweko

Jumanne, 10 Juni 2025

Kliniki ya sukari. Mashine ya nesi Advera imekataa hata kutaja namba — imeonyesha tu kwamba nimepita kiwango chake. Mwingine angelia. Mimi nimejipongeza: hata mashine nimeishinda!

Nesi hakucheka. Kauliza kazi yangu. Nikamjibu kwa madaha: muonja asali. Bosi Fakhrudin hanunui ndoo hata moja mpaka ulimi wangu useme. Nikifumba macho najua asali imetoka pori gani na kama kuna mjanja kachanganya sukari. Nimefika Kigoma, nimefika Dar, sijaona ulimi wa kuufikia huu. Shule ilinishinda kidato cha pili, Mungu akanifidia mdomoni.

Hapo ndipo akacheka. Mpaka akakaa chini. Ati tangu lini mgonjwa wa sukari akaajiriwa kuonja! Akafuta machozi, akaniambia: basi onja, tema, sukutua. Na sindano zako usiruke.

Tema! Dada wa watu katoka Bukoba, hajui. Huku kwetu mrina asali akikukatia sega la kwanza, unameza mbele yake. Kumeza ndiyo kupeana mkono. Ukitema umemwita mwizi, tena nyumbani kwake, mkewe anasikia.

Alhamisi, 12 Juni

Sindano ya jioni nimeiruka. Washikaji walikuwa barazani, na mwanaume wa hadhi yangu hajidungi tumbo mbele za watu.

Mama kauliza kama nimechoma. Nikasema ndiyo. Maskini mama — friji hatuna, kanitengenezea chungu ndani ya chungu, mchanga katikati, anaumwagilia maji asubuhi na jioni kama bustani ya mchicha. Dawa yangu inalala kwenye baridi kuliko mimi. Nayo inalala kweli, maana siiamshi.

Jumapili, 15 Juni

Kiu. Chooni. Kiu. Chooni. Kuku wa jirani wameshanizoea, hawakimbii tena. Miguu kama ya kuazima.

Kanisani sikwenda.

Jumatatu, 16 Juni

Aibu! Aibu yenye ndevu!

Wiki iliyopita nilipitisha ndoo za dalali mmoja. Nilionja, nikameza, nikatikisa kichwa kama profesa. Leo mama Nargis, mke wa bosi, kapaka ile asali kwenye mkate. Katafuna. Katema kwenye leso. Kasema hii sukari ya dukani imechemshwa, nyuki hajaiona hata kwa mbali.

Mama Nargis! Ambaye hata pilau lake huwa namsifia kwa huruma tu.

Bosi hakufoka. Bora angefoka. Kaniambia taratibu, "Revo, ulimi wako umeenda likizo bila kuniaga?" Halafu: Jumamosi ni Goweko, kwa mrina mzee Elieza, asali ya msimu mzima. Nikikosea tena, ataagiza kile kifaa cha kupimia asali. Kifaa, kasema, hakina mdomo, hakiombi chai.

Ukweli niuandike humu, maana hakuna atakayesoma: sikuisikia ladha. Mdomo umekauka kama njia ya vumbi. Nilibahatisha.

Jumanne, 17 Juni

Nimekwenda kwa nesi mwenyewe, bila kuitwa! Karibu azimie yeye.

Nikamuuliza: ulimi umekufa? Akasema haujafa. Sukari ikipanda sana mdomo hukauka, na mdomo mkavu hausikii ladha vizuri. Shusha sukari uone.

Sasa jamani! Miezi yote hii wananionyesha picha za miguu iliyokatwa, macho yaliyozimika, figo sijui nini. Nani anaijua figo yake? Hatujawahi hata kusalimiana. Wangeanza na ulimi! Ningejidunga kama cherehani.

Ijumaa, 20 Juni

Sindano sijaruka tangu Jumanne. Jana nimejidunga barazani. Washikaji wameshangaa kidogo, kisha wakarudi kwenye bao. Yaani ndiyo basi? Nilijificha kote kule kwa ajili ya hawa?

Ugali nusu, mboga sahani nzima. Soda nimeiaga kama mpenzi.

Na leo mchana — maharage. Nimetia kijiko mdomoni nikasimama. Mama anazidisha chumvi! Sikujua! Nimemkumbatia, anadhani nimelewa.

Jumamosi, 21 Juni, Goweko

Naandika ndani ya Fuso. Imezimwa, haina mzigo, na dereva Shukrani hataki kuongea na mimi.

Asubuhi tumepita njia ileile ya misafara ya zamani. Wapagazi wale walibeba pembe za ndovu mabegani miezi na miezi, mimi nimekalia sponji na nimelalamika mpaka hapa. Mzee Elieza katupokea kwa furaha. Shikamoo, marahaba, vigoda, kila kitu. Mkewe, mama Katarina, kaleta maji ya kunawa. Mzee kakata sega la kwanza, kanipa kwa mikono miwili.

Nimeonja. Ee Mungu! Ulimi umerudi! Maua ya miombo, moshi kidogo pembeni, safi, safi, haijaguswa. Asali bora niliyoonja msimu huu.

Halafu nikatema.

Mzee kaitazama asali pale chini.

"Umetema," kasema mzee.

"Mzee, asali yako haina mfano, nakuapia —"

"Sasa mbona iko chini?"

Nikatafuta uongo. Mimi, fundi wa uongo! Sikupata hata mmoja. Nikatoa mashine ya sukari niliyopewa kliniki, nikajitoboa kidole mbele ya wote, nikamwonyesha namba. Nzuri, kwa mara ya kwanza. Nikasema, "Nina ugonjwa wa sukari, mzee. Najidunga kila siku. Nikimeza kila ninachoonja, nitakufa."

Mzee kasema kijana mbichi kama mimi hawezi kuwa na ugonjwa wa matajiri. Nikamwonyesha kandambili zangu. Kasema asali si sukari, asali ni dawa, yeye anaila tangu ananyonya na hana lolote.

Mama Katarina, chini chini: "Huna lolote? Usiku kucha unatoka nje. Na hicho kidonda cha mguu, mbona hakifungi?"

Mzee kamtazama. Kabeba ndoo zake, moja moja, kaziingiza ndani. Kafunga mlango.

Bosi kapiga simu. Sijapokea. Nimwambie nini — asali ni safi, mwenyewe kanuna?

Jua linashuka. Kijiti cha kupimia sukari kimebaki kimoja, cha kwangu cha usiku. Vingine mpaka kliniki ijayo.

Mlango umefunguka.

Mzee anakuja. Hana ndoo. Anachechemea — asubuhi sikuliona hilo. Mama Katarina nyuma yake, mikono kifuani. Shukrani kashusha kioo.

Hajanisalimu. Kapitisha kidole dirishani, macho kayafumba. Mtu aliyeumwa na nyuki maisha yake yote, anaogopa kisindano! Kidole kina asali.

Nimemwambia mama Katarina alete maji, tukioshe kwanza, asali isije ikaidanganya mashine.